Mwalimu, huyo binti wa mita 800 mtoe mazoezini leo

Umeuliza mambo manne: ratiba ya wiki, chakula, viatu na mpangilio wa mbio za kijiti. Halafu katikati umechomeka sentensi moja kama vile si kitu: "nina binti wa mita 800 analalamika muundi, namchua jioni na kumpa diklofenaki, mashindano ya wilaya ni wiki tatu zijazo, nadhani atakaza."

Hatakaza. Hayo mengine weka pembeni kwanza.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Jiografia, shule ya kata huku Ilemela. Michezo nilipewa kwa sababu siku ya kikao nilikuwa nimevaa raba. Sitanii. Mkuu wa shule alichungulia chini ya meza, akasema "Mwalimu hapa yuko tayari kabisa," wenzangu wakapiga makofi, basi, nikawa kocha wa riadha.

Mwaka huo nilikuwa na binti wa kidato cha pili, kwao Igombe, mama yake anaanika dagaa. Akikimbia ungedhani ardhi ina moto, haigusi mara mbili. Tulikuwa tunafanya mazoezi siku 3 kwa wiki, kama kilomita 15 kwa jumla, kwenye nyasi za uwanja wetu wenye mashimo. Hakuna aliyeumwa chochote.

Ndipo akatokea mkongwe mmoja. Unawajua hawa: saa ya kupimia shingoni, fulana ya mbio za zamani iliyofifia mpaka maandishi hayasomeki, na kila sentensi inaanza na "sisi enzi zetu". Akatazama mazoezi yetu dakika kumi, akacheka. "Mnawalea kama mayai. Nyambui katoka hapo Majita akaenda kuchukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow, unadhani kuna mtu alikuwa anambembeleza?" Nami nikaona aibu, nikampa filimbi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba Nyambui aliyesimama Moscow mwaka 1980 alikuwa mwanaume wa miaka 27, si mtoto wa miaka 15 anayekuja mazoezini na chai ya rangi tupu tumboni.

Ndani ya wiki mbili tukawa siku 6 kwa wiki, kilomita 45, nusu yake juu ya lami na iliyobaki kupanda na kushuka kilima cha mawe. Mwalimu wa Hisabati mzima nimezidisha mara tatu bila kujiuliza mfupa unasemaje.

Wiki ya tatu binti akakaa juu ya jiwe, akashusha soksi, akaweka kidole cha shahada upande wa ndani wa muundi, chini kidogo ya katikati. "Hapa, mwalimu." Hakusema mguu unauma. Alisema hapa, mahali padogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Nikabonyeza, akavuta mguu na machozi yakamlengalenga. Mkongwe akasema ni uoga, mfupa ndiyo unakomaa.

Nikamchua. Nilimchua jioni baada ya jioni mpaka ugali wangu wa usiku ukawa na ladha ya dawa ya kuchua. Mwanzoni alikuwa anaumia baada ya mazoezi. Baadaye akawa anaumia akianza tu kukimbia. Halafu akaanza kuchechemea akienda mstarini asubuhi, na wenzake bwenini wakasema anauma meno usiku. Diklofenaki ikawa inamtuliza saa chache, nami nikahesabu hizo saa chache kuwa ni nafuu. Dawa haikutibu mfupa, iliuziba mdomo.

Kabla hujanijibu kwamba utampeleka akapigwe picha: mimi nilimpeleka, siku chache tu baada ya maumivu kuanza. Eksirei ikatoka safi, mkongwe akacheka tena, nikarudi uwanjani kifua mbele. Baadaye sana, daktari aliyemfunga POP, ile plasta ngumu ya mfupa, ndiye aliyenieleza kwamba ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo. Mfupa wa mkimbiaji hubomoka kidogo na kujijenga, kila siku. Ukimwongezea mzigo ghafla, kubomoka kunautangulia ujenzi, na ufa unaanza kama unywele. Picha safi ya wiki ya kwanza haijakupa ruhusa ya kitu chochote.

Siku ya wilaya alimeza vidonge viwili kwa mkono wangu. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa pili. Kwenye kona ya mwisho, pale chokaa ilipokuwa imefutika, nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa kuwashia jiko. Waliokuwa karibu waligeuka kutafuta kilichovunjika kabla hawajamwona chini.

Siandiki zaidi hapo.

Jumamosi yake nikapanda daladala kwenda Igombe. Mama alikuwa anageuza dagaa juani. Nikamwamkia "mwangaluka", akaitikia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani, ya ajali na bahati mbaya. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mwanangu alikuambia kwamba anaumwa?" Nikasema, "Aliniambia, mama." Akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza dagaa. Nilipoaga akanifungia dagaa kwenye gazeti nirudi nao. Walikaa kabatini wiki nzima, sikuweza kuwapika.

Na mkongwe? Hakukanyaga hospitali hata siku moja. Nilisikia anawaeleza watu uwanjani kwamba shule jirani walifukia kitu kwenye ile kona. Eti kafanyiwa. Kweli alifanyiwa, na waliomfanyia ni mimi na yeye, mchana kweupe, kwa filimbi.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mazoezi, mwambie binti akuonyeshe panapouma, wewe usiguse kwanza, angalia mkono wake. Akipitisha kiganja kizima juu na chini ya muundi, punguza mzigo, mrudishe kwenye nyasi, mfuatilie. Akiweka kidole kimoja juu ya mfupa, anasimama. Hapo hakuna nusu mazoezi wala "kukimbia taratibu". Ukibonyeza hapo hapo akaruka, umeshapata jibu, usibonyeze mara ya pili. Mpeleke kwa daktari na useme waziwazi kwamba unashuku ufa wa mfupa kutokana na mazoezi, useme na mazoezi yaliongezeka lini na kwa kiasi gani, vinginevyo mnaweza kurudi na majibu ya malaria na taifodi. Ufa ukiwahiwa, mara nyingi ni wiki 6 hadi 8 za kutokukimbia, na kurudi ni kwa kutembea bila maumivu kwanza. Wangu ulivunjika kabisa, tulikaa miezi.

Na mwombe mwalimu wa kike amuulize faragha kama hedhi yake imekata. Mabinti wanaokimbia sana huku wakila kidogo hukatika hedhi, na mifupa yao hudhoofika. Mimi sikuuliza, niliona haya. Haya za nini, wakati vidonge nilimpa bila haya?

Wangu sasa yuko kidato cha nne. Anatembea vizuri ila hakimbii, na mazoezini yeye ndiye anayeshika saa. Mtoto akilalamika mguu, anafika kwake kabla yangu.

Ratiba: siku ya kupumzika iwepo, na usizidishe mara tatu kama mimi. Chakula: wale, hasa wanaotoka nyumbani bila kunywa chai. Viatu sijui, wengi wa kwetu ni pekupeku. Kijiti usiniulize, mwaka ule tulikiangusha.

Una mkimbiaji wa akiba wa mita 800? Mwandike huyo. Kisha rudi hapa utuambie alitumia kidole au kiganja.