Namna ya Kutunga Nadharia za Kuchekesha Zisizogeuka Vijembe

Kila kamati ya harusi yenye kundi la WhatsApp hufikia siku ambayo majina mawili matatu yanapotea. Orodha ya ahadi imekwisha kuwa ndefu, kila mmoja akiinakili, akiongeza jina lake chini pamoja na kiasi anachoahidi, kisha akiirudisha kundini. Halafu anatokea mjomba aliyenakili orodha ya jana usiku, anajiandika kwenye namba ambayo tayari ina mwenyewe, na kuanzia hapo kila anayefuata ananakili ile ya mjomba. Ikifika jioni, shangazi aliyekwisha kutuma laki moja na kuwekewa tiki hayumo tena, naye anauliza ni nani aliyemfuta na kwa sababu gani.

Nimekuwa katibu wa kamati za namna hiyo kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, za ndugu na za marafiki, na nimeona ugomvi mwingi ukizuka kwa jambo hili kuliko kwa fedha zenyewe. Dawa iliyofanya kazi ni kulitangaza jambo mapema, kwa jina la kuchekesha. Siku kundi linapofunguliwa, baada ya kutaja namba ya mweka hazina na tarehe ya kikao cha kwanza, ninaandika kwamba ipo Nadharia ya Orodha ya Jana, isemayo kuwa daima atakuwepo mmoja atakayenakili orodha iliyopitwa na wakati, na hiyo ndiyo itakayofuatwa na wengine wote. Watu hucheka na kusahau. Lakini orodha inapoharibika, hakuna anayemwambia mjomba kwamba hajui kutumia simu. Mtu huandika tu "Orodha ya Jana hiyo, wajumbe," mjomba mwenyewe hucheka, na mweka hazina huweka upya iliyo sahihi.

Nawashauri kwa moyo wote wenye kusimamia makundi, yawe ya ukoo, ya kazini au ya waliosoma pamoja, watunge nadharia zao za namna hii. Si mchezo wa watu wasio na kazi. Mwaka 1990 Mmarekani aitwaye Mike Godwin alitangaza kanuni yake kwamba kadiri mabishano ya mtandaoni yanavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kumfananisha mwenziwe na Hitler au Wanazi unavyokaribia kuwa hakika. Kanuni hiyo ilisemwa kwa lugha ya hesabu ili ichekeshe, lakini mwaka 1994 Godwin alieleza kwamba aliitunga na kuisambaza kwa makusudi, kwa kuwa alichukizwa na watu waliokuwa wakitumia mateso ya mamilioni ya watu kama tusi la kubishania mambo madogo. Alitaka mtu afikiri zaidi kabla ya kuandika ulinganisho huo. Tena, mwaka 2017, baada ya maandamano ya watu wenye bendera za Kinazi mjini Charlottesville, Marekani, yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba wale walistahili kabisa kulinganishwa hivyo. Hapo pana funzo kwa mtungaji yeyote: nadharia ni ya kumfanya mtu afikiri, haikusudiwi kuziba mdomo wa mwenye hoja ya kweli.

Nadharia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Ujumbe Uliofutwa. WhatsApp ilianza kuruhusu kufuta ujumbe kwa wote mwaka 2017, na tangu hapo kundi likapata chanzo kipya cha udadisi, kwa maana yale maandishi ya kijivu yanayosema kwamba ujumbe umefutwa husomwa kwa makini kuliko tangazo lolote la mwenyekiti. Mtu aliyekuwa amenyamaza kwa wiki nzima huibuka na kuuliza, "Ulikuwa unasema nini?" Mwingine anasema ameuwahi, na sasa kila mtu anamfuata pembeni ili amsimulie. Huko Marekani jambo hili lina jina la mwimbaji Barbra Streisand, ambaye mwaka 2003 alifungua kesi akitaka picha ya nyumba yake ya ufukweni iondolewe mtandaoni. Kabla ya kesi, picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, mbili kati ya hizo zikiwa za mawakili wake. Baada ya habari kuenea, watu zaidi ya 420,000 waliitembelea tovuti ile ndani ya mwezi mmoja. Ushauri wangu kwa aliyekosea ni huu: ukiandika jambo mahali pasipo pake, andika chini yake maneno mawili ya kuomba radhi, kisha uache mazungumzo yaendelee. Kosa lililoombewa radhi husahaulika kabla ya chakula cha mchana, lakini lililofutwa hufanyiwa uchunguzi hadi usiku.

Jamaa yake wa karibu ni Nadharia ya Mtoto wa Simu. Kibonzo cha aibu kikitumwa kwenye kundi la ukoo, aliyekituma ataeleza kwamba simu alikuwa nayo mtoto. Mtoto huyo hutuma usiku wa manane, hutuma siku za shule, na hupatikana hata kwa watu wasio na mtoto nyumbani. Naitetea nadharia hii kwa dhati, kwa kuwa inampa mtu mzima njia ya kutoka kwenye aibu bila kudhalilishwa mbele ya wakwe, na kundi linalokubali kisingizio hicho kwa tabasamu hudumu zaidi kuliko lile linalodai ushahidi.

Ile ya Rangi ya Sare ni fupi: kamati hupitisha bei ya ukumbi kwa dakika chache, kisha hubishana vikao vitatu juu ya rangi ya vitambaa. Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika jambo hilohilo mwaka 1957, akieleza kamati inayopitisha haraka mtambo wa nyuklia na kuvutana kwa muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa kuwa banda kila mmoja analielewa. Mwenyekiti akiitaja nadharia hii mwanzoni mwa kikao, wajumbe hujirudi wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Nadharia na kijembe vinakaa jirani sana, na sisi tunaotumia Kiswahili tumelelewa na mafumbo: khanga husema, taarabu hupasha, na siku hizi status ya WhatsApp imechukua kazi hiyohiyo, hadi wapo wanaopanga mipangilio ili status ionwe na mtu mmoja tu, yule aliyekusudiwa. Mtu akiandika "Kuna Nadharia ya Mdeni Mwenye Bando," wakati kundi zima linajua ni nani anayedaiwa na jana alikuwa akitupia picha za hotelini, hajatunga nadharia; amemchoma mwenziwe na kujificha nyuma ya kicheko. Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Kabla ya kuituma, najiuliza kama ndani ya kundi wapo watu wasiopungua watatu wanaoweza kusema "huyo ni mimi," na kama mimi mwenyewe nimewahi kufanya jambo hilo. Ikiwa anayeguswa ni mmoja, naiacha, na kama nina neno naye nampigia simu.

Kipimo hicho hakitoshi pale nadharia inapobeba kabila, jinsia au dini. Zile zinazoanza na "wanaume wa mkoa fulani" au "mwanamke akikujibu sawa" huchekesha haraka kwa sababu dharau imekwisha kuandaliwa tangu zamani, na mtungaji hakuhitaji kuchunguza kitu chochote. Nadharia ielezee kitendo, na kitendo hicho kiwe kile ambacho mtu anaweza kukiacha kesho. Vilevile isiwekewe takwimu wala maneno "utafiti unaonyesha." Ikivuka mipaka ya kundi lako, hakuna atakayejua kwamba ulikuwa ukitania, itazunguka kama chai nyingine yoyote, na wenye haraka wataiamini. WhatsApp ilipunguza kusambaza ujumbe hadi mazungumzo 5 kwa mara moja mwaka 2019, na mwaka 2020 ikaweka mazungumzo 1 tu kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, lakini hakuna kizuizi kinachomrudishia mtu sifa yake baada ya asilimia ya kubuni kumfikia mwajiri au mkwe.

Yapo pia makundi ambayo nadharia hazina nafasi. Kwenye kundi la msiba sitaji hata moja, ijapokuwa huko ndiko mtu hutuma picha ya maua na salamu za asubuhi njema chini ya tangazo la kifo, kwa kuwa hakupandisha juu kusoma. Huyo nampigia simu pembeni mara moja, namweleza taratibu, na ikiwa atarudi kundini kusema kwamba simu alikuwa nayo mtoto, mimi ndiye wa kwanza kumjibu kwamba tumeelewa.