Kabla chama hakijalipia meli ya Alaska, pangeni mtakula na nani

Mtu akiniambia chama chao kinachanga kwa ajili ya safari ya meli ya Alaska, mimi siulizi bei ya chumba. Nauliza mtakula na nani. Wengi hushangaa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba watu wakishalipa pamoja basi watakula pamoja na mambo yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Wiki moja melini ni milo ishirini hivi, na mezani ndipo watu hujuana, hupatana, na ndipo hununiana. Nimesafiri na wanachama wenzangu kutoka hapa Minnesota hadi Seattle kwa treni, kisha tukapanda meli. Haya nawaandikia makatibu, watunza hazina, na yule dada ambaye kila chama humwachia kazi yote ya kupanga.

Nianze na treni, maana meza za melini huanzia humo.

Empire Builder ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, ni treni yenye historia ndefu. Jina hilo limekuwa kwenye reli hii tangu 1929. Huondoka Chicago alasiri, hupita St. Paul, hapa Minnesota, usiku, karibu na saa tano, na hufika Seattle kabla ya adhuhuri baada ya kulala njiani usiku mara mbili. Ukipandia St. Paul usitegemee chakula cha jioni siku ya kwanza. Kuleni nyumbani, mshibe, mje stesheni na chai kwenye chupa. Tiketi huanza kuuzwa miezi 11 kabla ya safari, na bei ya vyumba vya kulala hupanda kadiri vinavyojaa, kwa hiyo chama kinachosubiri michango yote iingie ndipo kikate tiketi kitalipa zaidi. Mtandaoni unaweza kuwakatia watu wasiozidi 8 kwa mara moja. Kundi kubwa ligawanyeni mapema, au mpige simu mhudumiwe kama kundi.

Wazee wapeni vyumba vya ghorofa ya chini. Mabehewa haya ni ya ghorofa mbili na ngazi zake ni nyembamba zenye kona. Mama mwenye magoti mabovu akipewa chumba cha juu atashuka kwenda kuoga kwa shida safari nzima. Akiwa chini na hawezi kupanda kwenda behewa la chakula, mhudumu wa behewa humletea sahani chumbani. Mwambieni mhudumu mapema, kwa heshima, na msisahau bakshishi yake mnaposhuka.

Usiku wa pili, mkiwa mmelala, treni hukatwa vipande viwili mjini Spokane. Kipande kimoja huenda Seattle, kingine Portland. Yeyote aliyehamia behewa jingine ili apige soga na rafiki, akapitiwa na usingizi humo, anaweza kuamka akielekea Portland, jimbo la Oregon. Kabla ya kulala, mtu mmoja apite ahesabu watu wake.

Sasa suala la siku. Reli ile ni ya treni za mizigo kwa sehemu kubwa, na treni ya abiria kuchelewa saa kadhaa si jambo geni. Meli haisubiri, na mlango wa kupandia hufungwa angalau saa moja kabla ya kung'oa nanga. Fikeni Seattle siku moja kabla, au hata mbili. Chama chenye Wasabato, na hapa Minnesota sijui chama cha Wakenya kisicho nao, kiangalie kalenda kwa makini zaidi. Meli za Alaska kutoka Seattle huondoka sana mwisho wa wiki. Chagueni inayoondoka Jumapili, mpande treni Jumatano usiku, mfike Ijumaa mchana kabla jua halijazama. Jumamosi mnasali na kupumzika, Jumapili mnakwenda bandarini bila presha. Mpango huu unawapa Wasabato Sabato yao na unawapa wengine akiba ya muda, bila mtu kuombwa asamehe imani yake.

Hakikisheni pia ni gati gani. Pier 66 iko katikati ya mji, ila Pier 91 iko mbali zaidi upande wa kaskazini, na huko huendi kwa miguu na masanduku.

Kuna jambo la hati ambalo halina mzaha. Sheria ya Marekani ya 1886 hairuhusu meli ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani tu, na meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nje. Ndiyo maana meli ya kutoka Seattle hutia nanga Victoria, Canada, mara nyingi jioni ya mwisho. Kwa hiyo mama aliyekuja kumtembelea mwanawe kwa pasi ya Kenya au Tanzania na viza ya Marekani anahitaji viza ya Canada pia, na viza yake ya Marekani iwe inamruhusu kuingia tena. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu abebe kadi hiyo pamoja na pasi halali ya nchi yake. Katibu azione hati hizi kwa macho yake kabla ya malipo ya mwisho, ambayo kwa kampuni nyingi hudaiwa kama siku 90 kabla ya safari. Kuambiwa tu kwenye kundi la WhatsApp kwamba "niko sawa" hakutoshi.

Turudi mezani. Katika behewa la chakula meza ni za watu wanne, na mkiwa wawili mtakalishwa na wawili msiowajua. Chakula kimo ndani ya bei ya chumba cha kulala. Kwa chakula cha mchana na cha jioni mhudumu huja kuwauliza mnataka saa ngapi. Nimeona wenzetu wakikataa kuketi na wageni, wakijazana wanne wanne kila mlo. Mimi nashauri kinyume. Gawaneni wawili wawili: mmoja mwepesi wa maneno, mwingine mkimya. Mtakutana na mkulima wa ngano wa North Dakota, mwalimu mstaafu, mtu anayekwenda kumwona mjukuu. Mama anayeogopa Kiingereza chake akiwa na dada wa kumsaidia neno moja hapa na pale, hujikuta anaeleza habari za shamba lake la chai Kisii na mzungu anasikiliza kwa makini. Ile hofu ya kuketi na mgeni huisha palepale, na ni hofu hiyohiyo ambayo ingemfunga chumbani wiki nzima melini.

Kwa chakula cha jioni ombeni nafasi ya mapema. Wakati wa kiangazi treni hupita kando ya hifadhi ya Glacier jioni kukiwa bado kweupe, na ni vyema muwe mmemaliza kula mkakae kwenye behewa lenye madirisha yanayopanda hadi darini. Walio kwenye viti vya kawaida hutegemea zaidi mkahawa mdogo wa ghorofa ya chini ya behewa hilo, kwa hiyo wabebe chapati, mayai ya kuchemsha, matunda. Chama kikiwa na waliolipia vyumba na waliolipia viti, msiache hali hiyo iwe daraja la watu. Hapo kwenye madirisha ndipo pa kukutania wote.

Dada mpangaji afanye kazi moja ya kimyakimya siku hiyo ya treni: aangalie. Nani anakula taratibu? Nani ana njaa saa kumi na moja jioni, nani hataki kuona sahani kabla ya saa mbili usiku? Nani na nani hawakutazamana tangu ule mkutano wa mkopo? Haya yote ndiyo yatakayomwambia nani akae wapi melini.

Melini kuna njia mbili za kula katika ukumbi mkuu. Ya kwanza ni saa maalumu na meza maalumu: zamu ya mapema, kama saa kumi na moja na nusu jioni, au ya usiku, karibu na saa mbili, meza ileile na wahudumu walewale kila siku. Ya pili ni kula wakati wowote ukumbi ukiwa wazi, mkisubiri meza ipatikane. Kwa kundi lenye wazee na watoto mimi nasimama na zamu ya mapema. Kufikia siku ya tatu mhudumu anajua nani hataki barafu kwenye maji na nani anakunywa chai ya maziwa badala ya kahawa. Wazee wetu hupenda sana kujulikana hivyo. Vijana wanaotaka uhuru wachukue njia ya pili, na isihesabiwe kuwa ni kiburi.

Kuwa kundi moja hakuwapi meza moja. Wakala au mpangaji lazima aunganishe namba za tiketi za vyumba vyote kwenye mfumo wa kampuni, na wote wawe wamechagua zamu ileile. Asiyechagua hukaa peke yake na wageni ukumbi wa pili. Kwenye kampuni nyingi vyumba 8 ndivyo huanza kuhesabiwa kama kundi, na hapo una sauti ya kuomba meza zilizokaribiana. Omba meza za watu sita hadi wanane. Msiombe meza moja ya watu kumi na sita, maana katika meza ndefu kiasi hicho wanaongea watatu na wengine wanatazama sahani. Ukipanda tu, siku ya kwanza, nenda ukumbini ukaonane na msimamizi wake kabla ya chakula cha jioni. Mabadiliko ni rahisi saa hiyo kuliko siku ya pili.

Nani akae na nani? Mjane asiwekwe meza ya wanandoa watatu. Mkwe na mama mkwe wape meza zilizokaribiana lakini mbalimbali, kila mmoja atakushukuru. Kila meza iwe na mtu mmoja wa kuchangamsha. Katikati ya wiki badilisheni, lakini tangazeni tangu nyumbani kwamba mtabadilisha, la sivyo atakayehamishwa atadhani amefukuzwa. Waliokosana msiwalazimishe kupatana kwa kuwaketisha uso kwa uso. Likizo yao nao wameilipia.

Chakula chenyewe kinataka barua mapema. Nyama ya melini si halali isipokuwa imeagizwa hivyo, na kampuni nyingi hutaka zijulishwe wiki kadhaa kabla. Muislamu asiyeagiza atakula samaki na mboga, na salmoni wa Alaska ni mzuri sana, lakini ajue hivyo kabla. Msabato asiyekula kamba na nguruwe asome orodha ya chakula. Supu nyingi zina vipande vya nyama hiyo bila jina lake kuonekana. Mpangaji aandike mahitaji ya kila mtu kwa jina na namba ya chumba, na siku ya kwanza arudie kwa mdomo.

Pesa huharibu meza haraka kuliko chakula. Amueni kikaoni mfuko wa chama unalipa nini: chumba, kodi za bandari, na bakshishi ya kila siku, ambayo kwa meli nyingi sasa ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu. Mikahawa ya kulipia na pombe kila mtu na kadi yake. Kwenye kampuni nyingi mtu mzima mmoja akinunua mpango wa vinywaji, mtu mzima anayelala naye chumbani naye hulazimika kununua, kwa hiyo anayekunywa asilazwe na asiyekunywa. Kwa anayesafiri peke yake, bei ya chumba huweza kukaribia ya watu wawili. Mtafutieni mwenzake mapema, na muulizane bila aibu habari za kukoroma.

Siku za bandarini, Juneau, Ketchikan, Skagway, acheni watu watawanyike. Mimi ningewasihi waende Skagway kwenye reli ya White Pass, iliyojengwa 1898 hadi 1900 wakati wa mbio za dhahabu, miaka ileile reli yetu ilipokuwa ikipanda kutoka Mombasa kuelekea ziwani. Ni nyembamba hata kuliko ile yetu ya mita moja. Anayebaki melini abaki kwa amani. Siku hizo msitoze mtu faini kwa kukosa chakula cha jioni. Jioni ya Victoria kuleni mapema wote, anayetaka kushuka ashuke akiwa ameshiba.

Meli hurudi Seattle asubuhi na treni ya kurudi huondoka alasiri siku hiyohiyo, kwa hiyo hakuna haja ya hoteli tena. Waliokuwa meza moja melini msiwaketishe pamoja tena. Changanyeni upya, maana kila mmoja ana habari ambazo mwenzake hajasikia. Safari hii Glacier hupitwa asubuhi, saa za kifungua kinywa, na kifungua kinywa hakina miadi, anayewahi ndiye anayekaa. Waamsheni wazee mapema.