Mlipe Kwanza Anayekagua

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza na picha nimeziona zote. Umenambia maji ya masika yameshuka kutoka juu mpaka chumba cha kati, ukuta wa upande wa uchochoro umelowa, dari imefanya duara jeusi, na umeletewa watu wawili. Mmoja yuko tayari kuanza Jumamosi: atabandua plasta yote, atapiga simenti, atapaka rangi ya mafuta, na wiki mbili kazi imekwisha. Mwengine anataka alipwe kwa kukagua tu, kabla hajagusa hata jiwe moja. Unaniuliza kwa nini umlipe mtu kwa kuangalia.

Mchukue huyo wa pili. Nakueleza sababu, kwa kuwa pesa ni zako na mimi sitaki unifuate kwa utiifu tu.

Nyumba ya babu yako si ya matofali. Kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na kuta zake zina unene wa nusu mita hivi. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Masika hulowa, kusi likivuma hukauka, na chokaa iliyopakwa juu yake huuachia unyevu utoke. Ukiubandika simenti na rangi ya mafuta, umeuziba pumzi. Maji yaliyomo ndani hayana tena pa kutokea, yanapanda huku yamebeba chumvi, na chumvi hiyo ikiganda nyuma ya simenti huisukuma mpaka ikaachana na ukuta. Na kwa kuwa simenti ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, haianguki peke yake. Inaondoka na jiwe.

Kama huamini, nenda Hurumzi kwa shangazi yako, akuoneshe chumba chake cha chini. Mwaka wa kwanza kilipendeza, kila aliyeingia alisifu. Sasa gonga ukuta kwa kidole, utasikia mlio mtupu kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, na pembeni mwa mlango kuna unga mweupe ambao shangazi yako anaufagia asubuhi na jioni anaukuta tena.

Lakini hata fundi wa chokaa aliye bora hatakusaidia ikiwa hajui maji yanaingilia wapi. Hilo ndilo unalomlipia mkaguzi. Hilo duara lililo darini linakuonesha maji yalipotokea tu. Yanaweza kuwa yameingia mbali kabisa, yakafuata boriti, yakatafuta upenyo. Nyumba zetu nyingi zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, zikaja zikafunikwa mabati juu, na pale bati linapokutana na ukuta wa jirani ndipo maji yanapopenda kupita. Au gata limejaa majani. Au ni choo cha ghorofa ya juu, na hapo masika yanasingiziwa tu. Mkaguzi wa kweli atapanda paani, ataingia vyooni, atamwaga maji yenye rangi chooni kule juu na kungoja aone kama rangi itatokea kwako. Asipopanda juu, usimlipe.

Halafu boriti. Hapa nakuomba unisikilize sana. Dari yako ni mikoko iliyolazwa ukuta kwa ukuta, juu yake mawe na chokaa iliyopigwa ikashindiliwa. Ni mzigo mkubwa hata ikiwa kavu, na ikilowa huzidi. Mti wa mkoko ni mgumu, unavumilia miaka na miaka, lakini huoza kwenye kichwa chake, kile kipande kilichoingia ndani ya ukuta ambacho jicho halikioni. Boriti inaweza kuwa nzima katikati na kichwani imebaki unga. Mkaguzi achimbue kidogo pale boriti inapoingia ukutani, achome kwa bisibisi. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, boriti hiyo haina kazi tena, na dari iegemezwe kwa mirunda siku hiyohiyo. Mpaka atakapokwambia, watoto wasilale chumba cha kati. Wahamishie mbele. Na umeme wa upande huo uzimwe mpaka fundi umeme aliyesajiliwa apime nyaya, maana ukuta ulioloa na swichi yake ni hatari.

Uliiona Beit al-Ajaib wewe mwenyewe. Jumba la Sultan Barghash, limesimama tangu 1883, upande wake mmoja ukaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, na hapo lilikuwa kwenye ukarabati. Kila nikipita Forodhani moyo unaniuma. Kuta zetu huvumilia sana, na ndiyo maana watu huziahirishia kazi mpaka siku inapokuwa imechelewa.

Ripoti ya mkaguzi ikitoka, iandikwe, uwe nayo mkononi. Utaihitaji pia kwa kibali. Huwezi kubandua ukuta ndani ya eneo la hifadhi ukamaliza bila ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, ambayo ipo tangu 1985, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Najua watu wanaona kibali ni usumbufu. Mimi naona ni faida kwako: ukiwa pale waulize ni mafundi gani wa chokaa ambao kazi zao wamezikagua. Miaka ya 1990, wakati ile Zahanati ya Zamani pale bandarini ilipokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, mafundi wengi walijifunza pale chokaa na useremala wa zamani. Kazi hiyo haijapotea, ila wenye nayo hawagongi milango ya watu siku ya pili baada ya mvua.

Ukimpata wa chokaa, muulize chokaa yake ameilowesha lini. Chokaa ikitoka tanuuni hutiwa maji ikachemka, kisha huachwa shimoni wiki nyingi ipoe na kulainika. Ikipakwa kabla ya kuiva, chembe zinaendelea kuvimba ukutani na kufanya vishimo. Akikujibu "jana", mshukuru, mpe chai, muage. Muulize na mchanga ameutoa wapi. Uchukue kidogo uuonje kwa ulimi: ukiwa na chumvi, umetoka ufukweni, na huutaki. Kisha mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoifanya kabla ya masika ya mwaka juzi. Usikubali picha za simu. Kazi ya jana kila mtu anaweza kukuonesha.

Malipo yawe kwa hatua, kwa maandishi, na saini za mashahidi wawili. Vifaa nunua mwenyewe pale unapoweza. Fungu la mwisho libaki kwako mpaka vuli ipite, maana ukuta utakwambia ukweli mvua ikirudi. Fundi anayeiamini kazi yake atabishana kidogo, kisha atakubali.

Sasa la arusi ya mdogo wako. Najua ndilo linalokuharakisha, unataka nyumba iwe nyeupe wageni wakija. Haiwezekani, na ni bora nikwambie sasa. Kwanza maji yazuiwe kule juu, kisha plasta iliyooza ibanduliwe, kisha ukuta uachwe wazi ukauke, madirisha wazi, feni ikizunguka, kusi likifanya kazi yake kuanzia Juni. Ni miezi. Ndipo chokaa ipakwe, tabaka jembamba baada ya jembamba, na kila tabaka linyunyiziwe maji lisipasuke, yote yawe yamekwisha kabla ya vuli kuingia Oktoba. Usikubali mtu akuwashie majiko ya mkaa ndani eti akaushe haraka. Utapasua chokaa na kuwaumiza watoto kwa moshi. Wageni tutawaweka kwa mjomba wako, pilau italiwa ukumbini, na chumba cha kati kitafungwa kwa kufuli. Wakiuliza, waambie nyumba inatengenezwa.

Pesa ya mkaguzi nakutumia mimi leo, iliyobaki tuizungumze nikirudi kutoka Pemba. Kabla hajafika, panda juu kwa Bi Mkubwa wa ghorofa ya pili, umsalimie vizuri, na umwombe kwa upole aruhusu choo chake kiangaliwe. Usimwambie kuwa kinavuja, kwa sababu hatujajua bado. Mwambie tunakagua nyumba nzima. Na asubuhi hiyo simama wewe mwenyewe chini ya ngazi wakati mkaguzi anapanda paani.

Mama yako