Re: Kwa nini gesi ya friza imepanda bei hivi?

Mkuu, umeuliza kwa nini fundi wako pale Mwanjelwa, Mbeya, anakutoza zaidi kujaza R22 (gesi ya kupoozea) kwenye friza la bucha. Inawezekana kabisa hajakupiga.

R22 inaondolewa sokoni kwa makusudi kupitia Itifaki ya Montreal ya 1987, makubaliano ya kimataifa, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilipangiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na mwaka 2030 kibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Mafriza ya zamani bado yapo mengi, mzigo unapungua, bei inapanda.

Ukihamia R134a, gesi nyingine ya friza, nako kumebana. Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongezwa kwenye itifaki hiyo, yanazigusa gesi za aina hiyo, na China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza kuzipangia viwanda vyake kiwango cha kuzalisha mwaka 2024. Ongeza dola, ushuru, na lori kutoka Dar hadi Mbeya.

Lakini kinachoniuma ni hiki: gesi haiishi kama mafuta ya gari. Friza ni mfumo uliofungwa, ikipungua, inavuja. Mwambie fundi apake povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, achomelee panapotoa mapovu, avute hewa kwa pampu, ndipo ajaze akipima uzito wa gesi kwa mizani. Akitaka kuongezea tu bila kutafuta tundu, mkatalie. Na mtungi wa bei ya kutupa uuogope, gesi za kuchakachua zinaua kompresa.