Huna taa ya zenoni? Panda paani

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa uzamili. Ameambiwa aachane na mada yake ya MOF, unga wa kusafishia maji machafu kwa nguvu ya jua, kwa sababu idara yao haina taa ya zenoni ya kuigiza jua. Nimeusoma nikacheka, kisha nikapandwa na hasira. Taa ya kuigiza jua, ndani ya Dar es Salaam!

Mimi nami niliambiwa hivyohivyo. Makala yangu imekubaliwa juzi, na mwanga wote uliotumika humo ulitoka mbinguni, bila bili ya umeme. Leo niacheni niringe kidogo.

Kwa mgeni wa mambo haya, MOF ni viunzi vya metali na viungo vya kaboni, vyenye vitundu vingi mno. Gramu chache za MOF-5, aliyoitangaza Omar Yaghi na wenzake mwaka 1999, zina uso wa ndani unaokaribia uwanja wa mpira. Yaghi, Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2025, na tangu hapo kila mtu anataka kupika MOF. Vizuri. Ila kunasa uchafu ni kazi moja, kuuvunja kwa jua ni kazi nyingine.

Titani dioksidi, kichocheo tulichokizoea cha kuvunja uchafu kwa mwanga, ina pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ya mwanga inayoweza kuiamsha) la elektronivolti 3.2 (eV), kwa hiyo hutumia urujuanimno tu, ambao ni kama 5% ya nishati ya jua linalotufikia. MIL-125, MOF ya titani iliyozaliwa Versailles mwaka 2009, ina ugonjwa uleule. Weka kiungo chenye kundi la amino, yaani nitrojeni na hidrojeni mbili, na unga mweupe unakuwa wa njano, pengo linashuka hadi karibu 2.6 eV, na mwanga unaoonekana unaanza kuwa na faida. Ile njano niliipiga picha nikamtumia mama. Hakuelewa, ila alinipongeza.

Pwani ina adui wake, unyevu. Isopropoksidi ya titani, kimiminika tunachopikia MIL-125, ikikutana na hewa yetu hugeuka unga mweupe hata kabla hujafunga otoklevu, chungu chetu cha shinikizo. Kausha vyombo kwenye oveni, washa kiyoyozi, fungua chupa, chukua chako, funga. DMF, kimiminika cha kuyeyushia, inadhuru ini, usiifungue nje ya kabati la moshi. Kuosha na kukausha nayaruka, yanachosha hata kusimulia.

Kwenye semina moja mkubwa fulani aliuliza, mbele ya ukumbi mzima, kama tunafanya kemia au tunaanika dagaa. Watu walicheka sana. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau. Baadaye mhakiki mmoja naye akaandika kwamba jua halidhibitiki.

Ni kweli, halidhibitiki, lakini linalinganishika. Chupa zote za majaribio zitoke kwa pamoja, zikae kwenye beseni moja la maji ili joto lisipande ovyo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Moja iwe na rangi, inayosimama badala ya uchafu, bila kichocheo, yaani bila MOF. Nyingine iwe na kichocheo lakini imefungwa karatasi ya aluminiamu. Wingu likipita, linapita juu ya chupa zote. Andika usomaji wa mita ya mwanga kila mara, maana huo ndio utakaomjibu mhakiki.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Methilini bluu, ile rangi ya majaribio, inadanganya. Inapauka juani yenyewe, na MOF inainyonya hata usiku wa manane. Koroga gizani kwanza, hata saa nzima, mpaka usomaji wa 664 nm, mwanga ambao rangi hii huunyonya zaidi, usimame, ndipo utoe chupa nje. Rangi hiyo pia hula mwanga yenyewe na kukipa kichocheo elektroni, kwa hiyo pima na kitu kisicho na rangi, kama parasetamoli. Na maji kuwa meupe si ushahidi kwamba uchafu umeisha. Rangi inaweza kupotea na vipande vyake vikabaki majini, kwa hiyo pima kaboni iliyobaki. Giza kwanza! Nitalirudia mpaka mnichoke.

Halafu kuna hawa wanaoandika "suluhisho kwa Afrika" kwenye kichwa cha makala wakati hawajawahi kubeba hata dumu moja la maji machafu ya batiki. Maji hayo yana kostiki soda, na MOF kama hii haivumilii alkali kali, kiunzi kinasambaratika na metali inatoka. Sisi tulishusha pH kwa asidi kwanza, na bado kasi ilikuwa ndogo kuliko kwenye maji safi ya maabara. Tuliyaandika yote mawili, jedwali kwa jedwali. Anayeficha lile la pili anajidanganya mwenyewe, na anamdanganya mama anayepika batiki.

Kama bajeti ni ndogo, achana na titani kwa sasa, anza na chuma. MIL-53 ya chuma inahitaji kloridi ya chuma na asidi ya terefitaliki, na asidi hiyo imo kwenye chupa za maji tunazotupa. Zikate vipande vidogo, zichemshe kwenye kostiki soda, chuja, kisha ongeza asidi ya kawaida ya maabara taratibu mpaka unga mweupe wa asidi ya terefitaliki ushuke. Uoshe sana kabla ya kuutumia.