Mjusi wangu wa kompyuta nikimkata mkia anafura. Kwa nini?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeandika programu ya mjusi anayekua kutoka seli moja kwenye gridi, kila seli ikiongozwa na mtandao mdogo wa neva, yaani hesabu inayojifunza kwa kusahihishwa. Hadi hatua ya 90 hivi anapendeza. Nikimfuta mkia, badala ya kuota upya, mwili unafura na kumwagika gridi nzima. Nimekosea wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza usimkate. Mwache aende hadi hatua ya 500 umtazame tu. Nina hofu utamkuta amefura bila hata kuguswa.

Mjusi wako ni ndugu wa yule wa mtafiti Alexander Mordvintsev na wenzake, aliyechapishwa mwaka 2020. Kila seli ilibeba namba 16: tatu za rangi, moja ya kuonyesha kama seli iko hai, na 12 zisizoonekana ambazo seli huzitumia kupashana habari na majirani. Hakuna seli yenye ramani ya mwili mzima. Sasa, wakati wa mafunzo ukimlinganisha na picha unayoitaka kwenye hatua fulani kati ya ya 64 na ya 96 tu, umemfundisha kufika, kukaa hukumfundisha. Baada ya hapo kila seli inafanya lake.

Weka hifadhi ya mijusi, yaani nakala nyingi zake zilizotunzwa. Wao walitumia 1,024. Kila duru ya mafunzo chota wachache, waendeshe, sahihisha mtandao, kisha warudishe walivyo. Duru ijayo mjusi ataanzia pale alipoishia, kwa hiyo atalazimika kujifunza kutulia. Yule mbovu kuliko wote kati ya uliowachota mtoe, weka mbegu (ile seli moja ya mwanzo) mahali pake, la sivyo watasahau kukua.

Wakishatulia ndipo uwajeruhi. Chukua wachache walio wazuri, futa duara mahali popote mwilini, siyo mkia kila siku. Na ukifuta, futa namba zote 16! Ukifuta rangi peke yake, zile 12 zinabaki zikiukumbuka mkia, nawe utashangilia kupona ambako hakukutokea.

(Mjusi kafiri wa ukutani naye hurudisha mkia wa gegedu, bila pingili za mfupa. Wako ana nafasi ya kumshinda.)

Ila pima kabla ya kujeruhi: hifadhi peke yake wakati mwingine humpa mjusi uwezo wa kujiponya kidogo, na huenda kazi yako ikawa nyepesi kuliko unavyodhani.