Kiswidi Nilifundishwa na Majirani

Ndugu zangu wa Tanga, wengi wenu mmeniuliza kwa nini ninahangaika na Kiswidi ilhali Waswidi karibu wote wanajua Kiingereza, na mdogo wangu akaongeza swali gumu zaidi: kama majirani wa huko hawasalimiani, lugha unajifunza kwa nani? Nitajibu kwa ukweli, hata pale ambapo ukweli wenyewe hauvutii.

Kiingereza kitakufikisha dukani, hospitalini na hata katika baadhi ya kazi. Lakini hapa Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, tangazo la mlangoni, barua za uongozi wa jengo na soga za wakati wa kahawa ni Kiswidi, na asiyekijua huishi kama mgeni aliyeachwa sebuleni ilhali wenyeji wote wako jikoni. Mgeni aliyesajiliwa kuwa mkazi hupewa masomo ya lugha bila malipo, yanayoitwa SFI, nami niliyahudhuria. Darasani nilipata sarufi. Ulimi ulifungukia kwingine.

Ulifungukia katika chumba cha kufulia nguo. Majengo mengi ya ghorofa huku yana chumba cha mashine cha wakazi wote, wenyewe hukiita tvättstuga, na kila kaya huandikisha zamu yake mapema. Mwezi wangu wa kwanza nilikausha nguo nikaondoka bila kusafisha kichujio cha mashine. Jioni nikakuta karatasi imebandikwa ukutani, imeanza kwa "Hej!" na kumalizika kwa kijiuso kinachotabasamu, na katikati yake umekaa ukali ambao hakuna jirani aliyewahi kunitamkia ana kwa ana. Niliisoma kwa kamusi, neno baada ya neno, na tangu siku hiyo sijasahau kwamba "glöm inte" maana yake ni usisahau.

Majirani zangu hawana maneno ya kupitishia muda ngazini. Ukiwauliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, kama tulivyolelewa, watajibu neno moja huku wakitafuta funguo. Mkutane kwenye kazi, hata hivyo, na utadhani umeletewa watu wengine. Mara mbili kwa mwaka jengo letu lina städdag, ambayo kwa lugha ya kwetu ni msaragambo: kila mtu hutoka na reki na toroli kukusanya majani ya miti ya björk, miti ambayo mji huu uliipanda kwa wingi baada ya moto wa mwaka 1888, kisha watu hunywa kahawa pamoja. Siku moja ya namna hiyo ilinipa maneno mengi kuliko wiki nzima ya darasani, kwa sababu kila neno lilikuwa na kitu mkononi.

Aliyenivumilia zaidi ni mama mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye umri wa bibi yangu. Wengine wakisikia lafudhi yangu tu walihamia Kiingereza kwa wema, na wema huo ulinichelewesha karibu mwaka mzima. Yeye aliendelea na Kiswidi, polepole, hata nilipomkimbilia kwa Kiingereza. Alinitia hofu mara moja tu, alipovuta pumzi ndani kwa mlio mfupi, nikadhani moyo umemsumbua. Kumbe watu wa kaskazini husema "ndiyo" hivyo. Kilichonishinda ni kumwita du, yaani wewe, pamoja na jina lake tupu. Tangu miaka ya sitini, mkuu wa idara ya tiba Bror Rexed alipotangaza mwaka 1967 kwamba atawaita wafanyakazi wake wote du, vyeo na mabwana vilififia upesi katika mazungumzo ya nchi hii. Mimi niliyefunzwa shikamoo nilimkwepa kwa miezi, nikiunda sentensi zisizo na "wewe" ndani yake, mpaka mwenyewe akaniuliza kama amenikosea.

Sarufi nayo haijaniachia. Kila nomino ni ama ya en, ambayo ukitaja kitu kinachojulikana huishia kwa n, au ya ett, ambayo huishia kwa t, na sisi wenye ngeli zetu zote hatuna haki ya kulalamika, ila ngeli zetu angalau hujitambulisha mwanzoni mwa neno. Mwezi uliopita nilikuta kichujio kimejaa nyuzi, nikabandika karatasi yangu ya kwanza: "Hej! Glöm inte filtern." Asubuhi yake kichujio kilikuwa safi, na mtu alikuwa amekata neno langu la mwisho kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "filtret".